Aliyejua Kazi Inapoishia

Kwanza niseme kwamba hakuwahi kumpandishia mtu sauti. Watu wa Wete wanaomsimulia leo humfanya dude, mtu wa kupiga meza na kufukuza viwete, na mimi nikiwasikia hunyamaza, kwa sababu kweli yenyewe ni mbaya zaidi. Alikuwa mpole. Ukiingia ofisini kwake na mkono wako umetiwa plasta alinyanyuka, akakuvutia kiti chenye mikono, akauliza watoto, akauliza mazao, akaagiza chai na maandazi. Ukitoka ulikuwa umeshiba na umeshakosa, na hilo la pili hukulijua mpaka barua ikufuate nyumbani.

Tulimwita Afisa. Jina analo, na watoto wake wanalitumia vizuri, sina haja ya kuwaharibia. Kazi yake ilikuwa kuamua nani kaumia kazini na nani kaumia kwa bahati yake mwenyewe. Mimi nilikuwa karani wake. Nilikaa meza ya pembeni, yeye akiuliza, mimi nikiandika, miaka kumi na moja. Kwa hivyo kila ubaya nitakaousema hapa, mwandiko ni wangu.

Aliyeumia ndani ya uzio wa kazi hakuwa na shida kubwa. Mashine imemkata kidole, kuna damu kwenye mashine, kwisha. Shida ilikuwa kwa walioumia nje. Hao walilipwa kama mwajiri aliwatuma, au kama walikuwa njiani kwenda au kurudi kazini bila kuikata safari kwa shughuli zao. Mambo mawili tu, kutumwa na kukata safari. Afisa aliishi ndani ya mambo hayo mawili kama panya ndani ya ghala, akijua kila tundu.

"Ajali haina adabu, Bi Raya," aliniambia wiki yangu ya kwanza, "lakini ina anwani."

Kwenye droo ya juu aliweka tepu ya fundi cherehani. Mtu akianguka mlangoni mwa kazi, Afisa alikwenda mwenyewe, akapiga magoti na suruali yake ya pasi, akapima kutoka kizingiti mpaka pale palipokuwa na damu. Mlinzi mmoja wa ghala alivunjika nyonga kwenye ngazi, na Afisa akakuta kichwa kimeangukia ndani na nyonga imeangukia nje, shubiri mbili kupita lango. Mlinzi akalalamika, "Sasa bwana, mimi nilikuwa naanguka, nilikuwa sichagui." Afisa akamwitikia kwa huzuni kabisa, akampa maandazi ya kupelekea watoto. Kichwa, aliniambia baadaye, kingelipwa.

Lakini tepu ilikuwa kwa kesi chache. Kesi nyingi alizimaliza kwa kikombe cha chai. Mkaguzi wa kawaida hutafuta pale mtu alipokosea. Afisa alitafuta pale mtu alipofanya wema. Aliwajua Wapemba wenzake kama anavyojua vidole vyake, na alijua kwamba mbele ya mtu mzima mwenye heshima hakuna hata mmoja wetu anayekubali kuonekana mtovu wa utu. Basi aliuliza, "Asubuhi ile ulipita wapi?" Na mtu, badala ya kusema alikwenda moja kwa moja kazini, alisema kwa fahari kwamba alimpitia shangazi yake kumjulia hali, kwa sababu nani atapita mlango wa mgonjwa bila ya kubisha hodi? Afisa akatikisa kichwa. "Umefanya la maana. Shangazi hajambo sasa?" Halafu akanigeukia. "Andika, Bi Raya. Safari ilikatwa."

Mwalimu mmoja wa Kojani, ambako hufiki ila kwa mashua, aliteleza akishuka asubuhi na mzigo wa madaftari ya wanafunzi, akavunjika mguu mahali pawili. Kesi ilikuwa nyepesi. Yuko njiani, anakwenda skuli, madaftari anayo, kila mtu kisiwani kamwona. Afisa akammiminia chai.

"Mwalimu, mbona siku hiyo ulivuka mapema vile? Wenzako walivuka saa nzima baadaye."

Mwalimu akafurahi kuulizwa. "Kulikuwa na mama mmoja mjamzito, jirani yangu, anakwenda hospitali peke yake. Nikasema siwezi kumwachia avuke na mzigo."

"Kwa hivyo mashua ile uliipanda kwa ajili yake."

"Ee, kwa ajili yake. Ni jirani."

"Mwenyezi Mungu atakulipa," akasema Afisa.

Na hakuwa akifanya mzaha. Alikusudia kwamba Mungu atamlipa na ofisi haitamlipa. Yule mwalimu mpaka leo anatembea kwa kuchechemea, na kila tukikutana sokoni ananiuliza hali ya Afisa, kwa sababu alimpenda. Mimi humjibu hajambo na nikaharakisha kununua samaki wangu.

Nilimchukia, lakini sikumchukia siku zote, na hapo ndipo hadithi za mjini zinapokosea. Mfagiaji mmoja aliangukiwa na nazi begani akifagia ua wa ofisi moja ya serikali. Mwajiri akasema mnazi ni wa jirani, umesimama nje ya uzio, mgogoro ni wa jirani. Afisa akachukua tepu yake, akachukua ngazi, akapanda mwenyewe na umri wake ule mpaka kwenye makuti, akapima jinsi shina lilivyoinamia ndani. Aliandika kurasa tisa. Alibishana na wakubwa wa Unguja kwa simu mpaka sikio likamwiva. Mfagiaji akalipwa, akaja na fenesi zima kalifunga kwa kanga, na Afisa akalikataa palepale mlangoni. "Ukinipa fenesi hili," alimwambia, "nazi ile itakuwa imekuangukia bure." Mwanamke akarudi nalo kichwani, bega lake lingali bovu, na mimi sikujua nicheke au nilie.

Mamangu alipougua, Afisa alikuja kila Ijumaa baada ya sala kumsomea Yasini. Alikaa mkekani kama mtoto wa nyumba, na mamangu alikuwa akisema, "Huyu nkubwa wako ntu wa kheri." Nilikuwa na hamu ya kumwonyesha mafaili.

Alinifunza kuandika. Niliandika siku moja kwamba fundi fulani "alianguka vibaya" kutoka paani. Akachukua kalamu nyekundu akalifuta neno vibaya. "Hakuna aliyewahi kuanguka vizuri," alisema. "Kalamu yako ina huruma, Bi Raya. Ichonge." Nikaichonga. Baada ya miaka mitatu niliweza kuandika maelezo ya mtu aliyepoteza macho na usiyahisi hata mvuke wake. Nilijivuna kwa hilo, bora nikiri.

Jambo moja kubwa lazima nilieleze kabla ya mengine, nalo ni maziko. Kwetu sisi mtu akifa kazi zote husimama. Maduka hufungwa, jembe huachwa konde, na watu hupakiana kwenye magari kwenda kuzika hata maiti wasiyemjua vizuri. Afisa alikuwa wa kwanza kila mara. Alivua viatu akashuka kaburini kuchimba, akatoka na udongo mpaka kwenye nyusi. Lakini kabla ya kutoka ofisini alijaza fomu ya likizo. Nusu siku, robo siku, alijaza. Likizo yake ya mwaka aliimalizia makaburini, na sikumbuki hata siku moja alipokwenda kupumzika mahali.

"Hakuna mwengine anayejaza fomu kwa ajili ya maziko," nilimwambia.

"Kuzika si kazi," alinijibu. "Kuzika ni faradhi. Ukiitia ndani ya saa za kazi, umeiuza."

Aliiamini hiyo kwa moyo wake wote. Angekuwa mnafiki ningemsamehe siku nyingi.

Sasa kaka yangu. Namwita kaka kwa mapenzi, lakini ni mdogo wangu kwa miaka sita, Kombo, na mimi ndiye niliyembeba mgongoni. Alifanya kazi kwenye machimbo ya kokoto, kazi ya kuvunja mawe na kupakia lori. Asubuhi moja alifariki mama wa tajiri mwenye machimbo, huko upande wa Konde. Msimamizi akaja akawakuta vijana wameshaanza kazi, akapiga makofi akasema, "Leo wekeni nyundo. Pandeni lori tukazike. Asiyepanda leo, kesho asije." Maneno hayo yalisikiwa na watu kumi na wanne. Wakapanda. Kwenye mteremko breki zikakatika, lori likalala ubavu, na ubao wa lori ukamlalia Kombo juu ya goti. Hospitali walimkata mguu.

Alikuwa na mke, watoto wanne, na nguvu za kuinua jiwe ambalo wanaume wawili wangelitazama kwanza. Fidia ingempa malipo ya kila mwezi na mguu wa bandia wa kutengenezwa kwa kipimo chake. Bila ya fidia angekaa chini, basi. Hapakuwa na la tatu.

Faili lilipokuja mezani Afisa alilisoma akalifunga. "Huyu ni ndugu yako wa damu. Ukitaka utoke siku ya maelezo, nitaomba karani mwengine."

Nikasema nitabaki. Nilijidanganya kwamba nikiwepo pale Kombo hatadhurika, Afisa ataona haya mbele yangu. Na kulikuwa na jengine, dogo na la aibu. Miaka yote ile nilikuwa nimewaandikia watu wengine, wote ni ndugu za watu, na sikutaka mhudumu wa chai aseme Bi Raya katoka mbio zamu ilipofika kwao.

Siku moja kabla ya maelezo, adhuhuri, Kombo alikuja kwangu, mtaa wa Jadida, na magongo yake. Alikaa kizingitini, akawa hataki kuingia ndani.

"Dada, kesho nseme nini kwa nkubwa wako?"

Nilikuwa nakuna nazi. Nilijua swali atakaloulizwa, nililijua neno kwa neno, na nilijua jibu lake. Nilihitaji kumwambia sentensi moja tu: sema msimamizi alikuamrisheni. Nikakumbuka kiapo cha siri za ofisi, nikakumbuka kalamu yangu iliyochongwa.

"Sema kweli," nikamwambia. "Mimi ni karani, sina la kukufunza."

"Kweli ntasema," akajibu Kombo. "Hapana jengine nlijualo."

Kesho yake alivaa kanzu na kofia ya kiua. Afisa alimpokea kama alivyowapokea wote, lakini kiti akakivuta karibu zaidi, akamshika mkono ili akae bila ya magongo kumponyoka. Waliongea habari za mama yetu, Mungu amrehemu, na zile Ijumaa za Yasini. Chai ikaja. Kombo alipokunywa nusu kikombe, Afisa akasema taratibu sana:

"Ndugu yangu, siku ile mlikuwa mnakwenda kumzika mama wa Kiislamu. Nataka kukuuliza. Nani alikutuma?"

Kombo alinitazama mimi. Si kwa kutaka msaada. Alinitazama kwa kuona haya kwa niaba ya Afisa, jinsi mtu mzima wa heshima anavyoweza kuuliza jambo la namna ile.

"Kuzika hatumwi ntu," akasema. "Hapana alonituma. Nlikwenda kwa ajili ya Mungu."

"Na usingekwenda?"

"Nsingekosa kwenda. Maiti ni wetu sote."

"Amina," akasema Afisa. Akanigeukia. "Andika, Bi Raya. Hakutumwa na mtu."

Nikaandika. Herufi zilikaa vizuri juu ya mstari. Nikamsomea Kombo kama kanuni inavyotaka, na akasikiliza akitikisa kichwa, kwa sababu aliyasikia ni maneno mazuri ya mtu mwema, akatia saini. Wenzake watatu walioumia waliulizwa mmoja mmoja, mbalimbali, na wakajibu kama walioimba kasida moja. Mmoja wao aliongeza kwamba angekwenda hata kwa miguu. Msimamizi naye, alipoitwa, akaapa hakumlazimisha mtu, na hakuna aliyemkanusha. Nani atasimama mbele ya watu aseme yeye alimzika mama wa mtu kwa kuogopa kufukuzwa kazi?

Nilijaribu neno moja tu, tulipobaki wawili. Nilisema lori lilikuwa la mwajiri.

"Lori la mwajiri," akakubali. "Lakini kilichopakiwa ni thawabu."

Toka siku hiyo nilimnunia. Salamu nilimpa, kwa sababu hakuna ruhusa ya kumnyima mtu salamu, lakini zaidi ya hapo sikufungua mdomo. Chai yake nilimpelekea nikaiweka mezani nikiangalia dirishani. Mafaili niliyasukuma kwa ncha za vidole. Wiki zikapita hivyo, na yeye hakuuliza nina nini. Alikaa, akasoma, akajaza fomu zake za maziko. Halafu barua ya Kombo ikatoka, mistari mitano, haikukosewa hata nukta, na chini yake pana muhuri.

Kombo aliisoma akasema alhamdulillahi. Hakumlaumu mtu. Ningependa alaumu. Alikaa miezi bila ya kutoka, halafu mke wake akaanza kuleta karafuu za watu nyumbani, na yeye akashuka mkekani kuchambua, kuvunja vikonyo na kutenga karafuu mbali. Kwetu hiyo ni kazi ya wanawake na watoto. Anakaa nao duara, mabega yale ya kuinulia mawe, na wanawake humtania kwa upole kwamba ana mkono mwepesi. Naye hucheka. Mimi napita hapo kila siku nikienda kazini, na kila siku ananiambia, "Dada, kazi njema."

Afisa alistaafu akarudi kwao Gando. Mwaka wa pili kiharusi kikamchukua upande wa kulia. Sikwenda kumtazama. Watu walishangaa, maana kwa desturi zetu kutomjulia hali mgonjwa uliyefanya naye kazi ni kama kutangaza ugomvi. Wacha iwe imetangazwa, nilisema.

Nisingekwenda kabisa ila kwa ajili ya wakili. Kaja wakili kijana Chake Chake, anasaidia watu bila ya malipo, na Kombo kwa kusukumwa na mke wake akampelekea barua ile. Wakili akasema faili lililofungwa huweza kufunguliwa, kwa sharti moja. Yule afisa aliyechukua maelezo aandike kwa mkono wake, au atie kidole, kwamba alijua msimamizi aliwaamrisha watu kupanda. Kombo hakulala kwa furaha. Alianza kuwauliza watu miguu ya bandia inafungwa vipi. Akaniambia, "Dada, wewe ndo uliyekaa naye. Kamwombe."

Leo asubuhi nimekwenda Gando.

Binti yake alinipokea, akaniweka chumba cha mbele. Afisa alikuwa amelazwa kitandani karibu na dirisha, mdogo, uso umekwenda upande, mkono wa kulia umewekwa juu ya mto. Binti alikuwa akimlisha uji, akamfuta kidevu, akatuacha. Kitu cha kwanza kilichonishtua ni maneno yake. Kiswahili chote cha ofisini kilikuwa kimemtoka. Aliongea Kipemba kitupu, kama mkulima yeyote wa Gando, na ulimi ulikuwa mzito lakini haukupotea njia.

"Bi Raya. Umekuja kunitazama, au umetumwa?"

Nikamwambia nimetumwa. Nikamweleza habari za wakili, nikamweleza karafuu, mkeka, watoto. Nilipiga magoti karibu na kitanda, sikuona haya. Nilimwambia maneno yale ya msimamizi, asiyepanda leo kesho asije, kwamba watu kumi na wanne waliyasikia na yeye aliyajua.

"Nliyajua," akasema. "Siku ya pili tu nliyajua. Dereva wa lori kanambia."

"Basi andika, Mzee. Tia kidole tu."

"Ntu aliulizwa, akajibu, akasomewa, akatia saini. Mie nkitia kidole leo, si naandika kuwa alosema sivyo? Nlipokuwa nzima sikuandika uongo, ntaandika nkiwa nusu?"

Nikanyanyuka. Nilitaka kuondoka bila ya kuaga. Nilikuwa nimefika mlangoni aliposema:

"Lile faili nlilikalia zaidi ya mwezi."

Nikasimama.

"Kanuni waijua," akasema. "Faili madhali halijatoka, shahidi huruhusiwa kurudi akasahihisha maneno yake. Wewe umeipiga chapa mwenyewe. Nliliweka kwenye droo, nkawa nangoja. Nkasema Bi Raya atakuja na nduguye. Ataniambia, Afisa, huyu alisahau neno. Nngalimwandika upya palepale, na angalilipwa. Kila siku ukija na chai nkisema ni leo. Ukiweka kikombe, ukiangalia dirishani."

Kanuni hiyo naijua. Niliipiga chapa mara nyingi, niliwaeleza watu wengine mlangoni kwa mdomo wangu. Kwa Kombo sikuifikiria hata siku moja. Nilikuwa nimeshughulika na kununa.

"Kwa nini hukuniambia?" nikamwuliza, na sauti yangu niliisikia imepanda mpaka binti akachungulia. "Neno moja tu! Kwa nini hukuniambia?"

Alinitazama kwa lile jicho lake zima, na ule upande wa uso unaofanya kazi ukacheka kidogo. Sijui kama ni ukatili au ni ugonjwa. Nadhani ni vyote.

"Nngalikwambia, ungalikuwa ushatumwa," akasema. "Nlitaka uje kwa ajili ya Mungu."

Kisha akamwita binti yake alete chai ya mgeni.

Sikuinywa. Nilirudi Wete nikapitia ofisini, ambako mimi ningali karani, nikafungua daftari la barua zinazotoka. Mafaili ya mwaka ule yalitoka ndani ya wiki, yote, moja baada ya jengine. La Kombo lilitoka mwezi mmoja na siku kumi na mbili baada ya maelezo. Nilisoma mstari ule mara tatu. Mwandiko ni wangu.

Nilifika Jadida alasiri, nikapitia kwa Kombo. Kombo alikuwa mkekani na wanawake, mikono imeshika harufu ya karafuu. Aliponiona aliwaashiria wanyamaze.

"Kasemaje?"

"Nimemkuta kalala," nikasema. "Hali yake si nzuri. Hawezi kusema na mtu."

Akapukuta vikonyo kwenye magoti, yaani kwenye goti.

"Basi Jumamosi ntakwenda na mie," akasema. "Nilifanya vibaya kukuachia wewe peke yako. Haja ni yangu, ntamwomba mwenyewe. Wewe utanshika tu mkono kwenye ngazi za gari."

Nilimwambia mzee anachoka haraka. Akasema tutakaa kidogo tu. Nikamwambia Gando ni mbali kwa mtu wa magongo. Akasema aliwahi kwenda kuzika mbali zaidi, na wanawake wakacheka. Yule mzee hawezi kunyanyua kijiko, lakini ulimi anao, na atakachoulizwa atakijibu.

Kombo kaniomba nimpigie pasi kanzu yake. Jumamosi ni keshokutwa, na kanzu nimeshaipiga.